Sahani ya Mama Mwezi wa Ramadhani

Mtu akija kwangu na ndizi ambazo sikumwomba, swali langu ni moja tu: anataka nini? Ndivyo nilivyo, na sioni aibu. Kwa hiyo wanawake wa jumuiya ya kanisani walipoanza kupiga hodi hapa Ufukoni, muda mfupi baada ya mama kuhamia kwangu, niliwatandikia mkeka, nikawapa maji, nikakaa palepale nisikie kila neno.

Mama ni Mkatoliki tangu utoto wake kule Newala. Mimi nilisilimu nilipoolewa Mikindani, na hata mume wangu alipofariki sikurudi nilikotoka. Mama hakuwahi kunigombeza kwa hilo. Alikuwa akisema, "Mtoto ni wangu, dini ni yake." Lakini huyo ni mama wa zamani. Niliyeletewa alikuwa ameanza kusahau, kwanza majina, kisha vyumba, mwisho akanisahau mimi. Aliniita "mwanamke huyu". Mwanamke huyu amenificha khanga zangu. Mwanamke huyu ananimwagia maji ya baridi. Namwogesha, namlisha, nafua mashuka kila asubuhi, biashara yangu ya vitumbua imekufa, halafu naitwa mwanamke huyu! Iliniuma, nisiseme uongo.

Kiongozi wa wale wanawake alikuwa mwalimu mstaafu, Mmakua mwenye sauti kama kengele ya shule. Akiingia tu anamtania mama: "Wewe Mmakonde, bado hujafa? Unamsubiri nani?" Mama anacheka mpaka anapaliwa. Mimi ninayemfulia sijawahi kuchekewa hata kwa bahati mbaya.

"Mwanangu, nenda kalale kidogo," Mwalimu aliniambia. "Tutakaa naye sisi."

Nikalale! Tangu lini mtu baki akakuhurumia bure? Nilijua wanachokitafuta. Siku mama akifa wawe mstari wa mbele, na kule kanisani wasimulie jinsi yule aliyesilimu alivyomtelekeza mzazi wake. Basi nilikuwa naaga kwamba naenda kulala, kisha nasimama nyuma ya pazia la mlangoni.

Ramadhani ikaingia, na siku ya kwanza tu mama akagoma kula. Kisamvu chenyewe cha nazi, anachokipenda. Napika barazani ili nimwone asitoke, naonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema pembeni kama afanyavyo mpishi yeyote aliyefunga, napakua, nampelekea. Anafumba mdomo. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. "Ale mwenyewe mwanamke huyu," akasema, akageukia ukutani. Mabega yakaanza kuchongoka. Lakini Mwalimu akija na kibakuli chake mchana, mama anamaliza chote na vidole analamba.

Basi, nikasema, ndiyo hayo. Wamemtia maneno asile mkono wa Mwislamu. Nani mwingine angemfundisha?

Jioni moja kaka yangu mkubwa akapiga simu kutoka Newala. Hakusalimia. "Nasikia mama hali chakula kwako. Jumapili nakuja kumchukua."

"Kaka, kule atakaa na nani? Shemeji mwenyewe ni mgonjwa, wewe unashinda kwenye mikorosho. Nani atambadilisha nguo?"

"Na kwako atakufa njaa," akasema, akakata.

 Mama angeenda Newala, asingemaliza mwaka, hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Na aliyempelekea kaka umbeya alikuwa mmoja tu.

Kesho yake Mwalimu alipokuja nikaaga kama kawaida, nikaingia nyuma ya pazia. Leo, nikasema, leo namkamata na maneno yake mdomoni. Nikachungulia.  Mwalimu alimega tonge la ugali wa muhogo, akachovya kwenye mchuzi, akala yeye, akameza, akaachama kinywa mama aone ndani.

"Haya, mtani. Nimetangulia. Tukifa tunakufa wote."

Ndipo mama akapeleka mkono kwenye sahani.

Nikatoka kama nyuki. "Mnamfanyia nini mama yangu?"

"Afadhali umetoka," Mwalimu akasema, hata hakushtuka. "Siku zote hizo unasimama hapo na miguu yako inaonekana."

Niliona haya, lakini hasira zilikuwa nyingi kuliko haya. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema taratibu, "Mama yako anasema unaonja halafu unatema."

Astaghfirullah! Kwao mama, kule Newala, aliyekupa chakula au pombe huonja kwanza mbele yako na kumeza, ujue hakuna kilichotiwa ndani. Nimekulia humo, nikayaacha nilipokuja mjini. Mimi sasa, kila mchana, mbele ya macho ya mama asiyenijua, naonja chakula chake na kukitema. Hata mimi nisingekula! Nilicheka, halafu nikakaa chini nikalia kwa sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mara ngapi nimesema tuzungumze, ukasema una nguo za kufua?"

"Na kaka yangu, nani kampigia?"

"Mimi. Nilimwomba aje akupokee mzigo kidogo, maana unakonda kuliko mgonjwa. Yeye kasikia alichotaka kusikia."

Sikumwamini moja kwa moja. Hata hivyo toka siku ile mmoja wao alikuja kila adhuhuri. Ninapika mimi, anaonja yeye, mama anakula. Mimi nalala chumbani, kweli nalala, miguu juu ya kitanda. Wakiondoka nilikuwa bado nakagua kabati la vyombo. Hakikupungua hata kijiko.

Jumapili kaka akafika na mfuko mkubwa wa nguo, mtupu. Mwalimu alikuwa ametoka misani, amekaa mkekani na mama.

"Ukimchukua," Mwalimu akamwambia, "chukua na kumwogesha, na mashuka ya asubuhi, na kuitwa mwizi. Dada yako anayabeba hayo peke yake. Sisi tunashika ncha tu."

 Kaka alichuchumaa mbele ya mama, ambaye alikuwa bado anamkumbuka yeye, hilo nalo likanichoma. "Mama, twende nyumbani. Niambie kweli, unamwogopa mwanamke huyu?"

Mama aliniangalia. Nikaanza kukunja khanga zake ili nisimtazame mtu usoni.

"Namwogopa," akasema.

Kaka akafungua mfuko.

"Lakini siendi," mama akasema. "Binti yangu anajua niko hapa. Akija asinikute, atanitafuta wapi?"