Mama Domitille Aomba Titre

Mama Domitille Mbelu hapendi kushikwa mkono akivuka barabara. Ukimshika, atakuuliza kama asiyeona ni wewe. Surua ya utotoni ndiyo iliyomchukulia macho. Akasomea kwa masista Lubumbashi, akaolewa na Antoine, mchomelea vyuma, na kwa miaka sasa ndiye anayesoma matangazo kwenye redio yetu ndogo ya hapa Kolwezi. Mimi ni Sadrack, fundi wa sauti. Nakaa upande wa pili wa kioo, na nasema wazi: hakuna sauti ninayoipenda kuliko yake. Mke wangu analijua hilo na amekwisha kunisamehe.

Kazi yake ukiiona utashangaa. Sikio moja lina waya wa simu, na simu inamsomea ukurasa kwa haraka kama mwanamke anayegombana sokoni. Yeye anasikia sentensi, anairudia hewani kwa utulivu, huku simu imeshaanza nyingine. Mimi ningechanganyikiwa kabla ya kumaliza salamu.

Shida ilianza redio ilipopata tovuti. Matangazo yote yalihamia huko: matanga, maji, treni ya Kasaji, mbuzi waliopotea. Aliyeitengeneza ni Gael Kankolongo, ambaye kabla ya kompyuta alikuwa mchoraji wa mabango. Saluni nyingi za mtaa wa Manika zina mkono wake. Kwa Gael, kichwa cha habari ni herufi kubwa, nene, nyekundu. Basi akaupamba ukurasa wetu kama ukuta wa saluni, na kwa kweli ulipendeza.

Lakini simu haioni unene wala wekundu. Inatambua kichwa cha habari pale tu mtengenezaji alipoiambia, ndani kwa ndani, kwamba hiki ni kichwa. Ikiambiwa hivyo, Mama Domitille anatelezesha kidole na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka anapopataka. Isipoambiwa, anasomewa kila kitu kuanzia juu. Kwa hiyo mtu alikuwa anapiga simu kutoka Mutshatsha kuulizia treni, na mama wa watu bado amekwama katikati ya mbuzi. Hewani kimya.

Direktere wetu, Benoît, anachukia kimya.

"Mama, hii njo mara ya mwisho," alimwambia Alhamisi, mbele yangu. "Siku ya posho kama kipindi inakwama tena, nitatia Darlène."

Posho ni Jumamosi, na Darlène ni binti mwenye macho mazuri na sauti ya kulaza watu usingizi. Mama Domitille akatoka, akakaa kwenye benchi la nje. Kazi ile aliipenda kuliko chakula. Nilikasirika.

Kisha akampigia Gael. "Tata, site yako haiko na batitre. Minakuomba, utie batitre. Fasi yote, kila mahali."

"Sawa, mama. Kesho itakuwa tayari."

Kwetu neno titre, wingi wake batitre, lina kazi mbili: ni kichwa cha habari, na ni cheo cha mtu. Na katika mji ambao fundi wa baiskeli anaitwa enjenia na mkubwa wa kwaya anaitwa prezida, unadhani Gael alisikia lipi?

Ijumaa asubuhi tukaufungua ukurasa, Gael mwenyewe akiwa nasi studioni. Simu ikaanza: "Matanga ya Mheshimiwa Honorable Tata Enjenia Badibanga, Prezida wa Heshima..." Marehemu alikuwa dereva wa lori. Tukafika kwenye mbuzi: naye alikuwa mbuzi wa Mama Prezida Honorable fulani. Mama Domitille aling'oa waya sikioni, akacheka mpaka akashika meza asianguke.

"Gael! Umefanya nini?"

"Si ulisema nitie batitre? Nilitia bantu bote. Hata mwenye mbuzi nilimupa."

"Titre ya bantu hapana! Titre ya habari! Kichwa!"

"Aa! Lakini ile iko, mama. Tena nyekundu."

"Nyekundu gani, tata? Mi na nyekundu tunajuana wapi?"

Akamvuta kitini, akamtia waya sikioni, akazima mwanga wa simu, akamwambia atafute tangazo la treni. Gael alisikiliza matanga, akasikiliza maji, akasikiliza cheo baada ya cheo alichokitia mwenyewe. Jasho likamtoka. "Mama, iko mbali sana," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Akavua koti, akaanza upya. Vichwa hupangwa kwa ngazi, kikuu juu na vidogo chini yake, na simu huitaja namba ya kila ngazi. Mara ya kwanza alitoka ngazi ya kwanza akarukia ya nne, eti herufi za ngazi ya pili hazikumpendeza. Mama Domitille akamrudisha: "Kisha moja minasikia ine. Mbili na tatu biko wapi? Nitafikiri kuna kintu nimepoteza." Akaelewa: kichwa kimoja cha ukurasa mzima, chini yake mafungu, chini ya kila fungu matangazo yake. Ukubwa wa herufi aliupanga kando, kwa ajili yetu sisi wenye macho.

Jumamosi, Benoît alisimama nyuma yangu pamoja na Darlène, aliyeshika karatasi ya matangazo tayari kusoma. Simu ya kwanza ikaja, mzee wa Mutshatsha. Kidole kikateleza: Matanga, Maji, Treni. Mzee hajamaliza kuuliza, jibu limeshatoka. Akaja mwingine, akaja mwingine. Nilikuwa napiga paja langu kwa furaha kama nipo uwanjani.

Muda ukabaki, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea, naye akashuka hadi mwisho wa ukurasa. Kidole kikasimama. Akasikiliza, uso ukabadilika. Kisha akasoma, kwa sauti ileile ya matangazo yote:

"Kazi. Redio yetu inatafuta mtu wa kusoma matangazo. Awe na sauti safi, ajue Kiswahili na Kifaransa, asome bila kukwama. Maombi yapelekwe kwa direktere Benoît."

Benoît alikuwa amempa Gael tangazo hilo pamoja na mengine, na Gael, mtu wa kutii, alikuwa amelitia kichwa chake.

Mama Domitille akaisogelea maikrofoni. "Bandugu basikilizaji, miye Domitille Mbelu minaomba ile kazi. Sauti yangu munaisikia. Kama nimekwama leo, mutu aseme."

Benoît akaniashiria kwa mikono yote miwili nikate. Nikajifanya sioni. Simu zikaanza kulia, na nikaziingiza hewani moja baada ya nyingine: mama wa Kasaji, wachimbaji waliokuwa wanakula, mtu aliyepata mbuzi wake. Wote walisema jambo moja, kwamba kazi ni yake, wengine kwa kelele.

Mwishowe Benoît aliingia studioni, akainama kwenye maikrofoni.

"Ile nafasi imekwisha kujaa," akasema. "Musilete tena barua."