Visi vya Mti na Pedali ya Velo

Mimi ni fundi wa vitanda hapa Mikelenge, na fundi mzuri, hata leo mkinicheka. Wakati wa vita treni ilikuwa haileti tena visi, yaani skrubu za kukazia mbao, nikaanza kujikatia vya mti. Nilichukua chuma kinachoshika pedali ya velo, yaani baiskeli, nikatia makali kwenye meno ya tundu lake, nikazungusha vijiti humo. Visi vilitoka vizuri, ila vilikazwa kushoto. Nikajitungia elimu: chuma hukazwa kuume, mti kushoto. Wateja wote niliwafundisha hivyo.

Juzi Mama Sifa akaja amewaka. Kitanda nilichomuuzia binti yake kimewaangusha wakwe chini.

“Mume wa binti yangu alikaza kuume, kama watu wote!”

“Mama, mti haiko chuma,” nikasema, wateja wakisikiliza, nikampa kile chuma changu cha kukatia visi akione.

Mama Sifa alibeba chumvi kwa velo miaka yote ya vita. Akakigeuzageuza. “Ilishika pedali ya upande gani?”

“Ya kushoto!” nikajibu kwa maringo.

“Papa, pedali ya kushoto ya kila velo inakazwa kinyume. Sasa mti ulikukosea nini?”