Karakana ya Yonatani Inaugua

Yonatani anatengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo mtu huipakia magunia akaisukuma kwa mguu mmoja. Ufundi aliupata Goma kabla ya kukimbia vita. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, karakana yake iko nyuma ya soko la Base Camp: nguzo, turubai na harufu ya mikaratusi. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi, na kila chukudu yeye huiita gari.

Msaada wa chakula ulipokatwa, watu walikosa cha kupakia. Asiye na gunia hanunui gari. Chukudu zake zikawa viota vya kuku. Kisha Rwakabuba, mfugaji wa Endiinzi, akaja akitaka chukudu moja kubwa ya kubebea madebe ya maziwa, iwe tayari siku ya gulio. Mbao zilikuwepo, lakini beringi na matairi makuukuu ya kuvisha magurudumu huuzwa Ruti, kule Mbarara, na mfuko wake ulikuwa mtupu. Akiikosa kazi hiyo, alikuwa ameshakata shauri: atafunga karakana, aende Mbarara kuwa mlinzi wa usiku. Sisi tunaomjua tulicheka kwa huzuni. Yonatani husinzia jua likizama tu, tena anaogopa mbwa.

Basi akaja kwenye mkutano wa engozi. Engozi ni machela. Pande hizi kila kijiji kina kikundi cha kubeba wagonjwa hadi hospitali na kuwachangia. Chetu kinaongozwa na Mama Fébronie, Mrundi mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumpindisha.

"Mama Prezida," Yonatani akaanza, "redio ilisema kule Amerika bakampuni ba kutengeneza motokari balitaka kuanguka, serikali ikabashika mukono. Ilisema bakianguka, batu mingi bataanguka nabo. Na miye natengeneza gari. Serikali yangu ni ninyi."

"Sheria yetu inasaidia mgonjwa ao maiti," akajibu Mama Fébronie. "Weye ni yupi?"

"Miye niko muzima. Karakana ndiyo mugonjwa."

Watu waliangua kicheko. Mama Fébronie hakucheka.

"Inakula?"

"Haijakula beringi tangu Pasaka."

"Inasimama?"

"Imeegemea muti."

Mikono ikanyanyuka, mingine kwa uchokozi tu, na karakana ikapitishwa kuwa mgonjwa, ikachangiwa papo hapo. Kesho yake Yonatani akaenda Ruti, akarudi na beringi mfukoni na matairi shingoni kama bwana harusi aliyevishwa mashada.

Yonatani hakukumbuka jambo moja. Mgonjwa wa engozi lazima atembelewe.

Asubuhi kikundi kizima kilifika na uji. "Tumekuja kumuona mgonjwa," tulisema, tukaketi juu ya mbao zilezile alizotaka kukata. Mama Fébronie alikalia ekseli. Yonatani akainua nyundo.

"We Yonatani! Mgonjwa anapigwa?"

"Mama, niko namutengeneza!"

"Mwache apumzike. Michango yetu iko ndani yake."

Kikombe cha uji kikawekwa mbele ya gurudumu, na kwa kuwa gurudumu halikugusa, Yonatani alikunywa kwa niaba yake. Wakatoliki wakasali rozari. Waprotestanti hawakukubali kushindwa, wakaanzisha mapambio. Jua likazama bila msumari kupigwa. Siku iliyofuata watu waliongezeka, maana habari za uji zilikuwa zimesambaa.

Rwakabuba akapita kuangalia mali yake.

"Ssebo, bwana, ile kitu yangu iko wapi?"

"Iko chini ya mama ule."

"Kesho ni gulio. Mimi takuja asubuhi. Kama hakuna, mimi nanunua pikipiki, maneno imekwisha."

Alipoondoka, Yonatani aliokota msasa. Kisha akauliza kwa upole, "Mama Prezida, kwenu mugonjwa akilala sana, mugongo haupati bidonda?"

"Unapata."

"Sasa munafanyaka nini?"

"Tunamgeuza. Tunamkanda."

"Basi mumukande. Mafuta yake ni haya." Akamkabidhi msasa.

Mama Fébronie alishuka kwenye ekseli, akakunja mikono ya blauzi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. "Mgeuzeni!" akaamuru, na gogo likageuzwa. "Mguu wa kushoto umevimba!" na randa ikapita. Kutoboa tundu tuliita sindano, na wanaume wawili wakashikilia ubao usiruke kwa maumivu. Jioni chukudu ilisimama, pana kama kitanda.

Asubuhi Rwakabuba akapakia madebe, akapanda. Mteremko ukamchukua kabla hajauliza breki iko wapi. Alipita katikati ya wauza nyanya akipiga kelele kwa Kinyankore, akazama kwenye lundo la majani ya ndizi. Tulikimbia tukijua kila kitu kimekwisha. Akainuka na jani kichwani.

"Ssebo! Hii inashinda pikipiki! Kaka yangu akiona, atalia. Tengeneza ingine mbili!"

Yonatani alitugeukia kwa sauti yake ya kuhubiri. "Batu ba Mungu, mugonjwa amepona! Aksanti sana. Sasa kila mutu arudi kwake."

"Vizuri," Mama Fébronie akasema, akijifunga kitenge. "Na hizo mbili, nani atakushikia mbao?"

Yonatani aliyatazama magogo, kisha akatutazama sisi.

"Kusema kweli," akasema, "mugonjwa kichwa kingali kinamuuma kidogo."