Mtoto Ambaye Hakuna Aliyetaka Kumweka Chini

Shule niliacha darasa la tatu, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Mashine ya kupukuchua mahindi haiulizi umesoma wapi. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu wengine. Nikanunua mashine kuukuu ambayo mwenyewe alikuwa ameitupa nyuma ya zizi, nikaifungua, nikaifunga, ikalia. Leo trekta yangu ikipita barabara ya kwenda mji wa Ziwa wakati wa mavuno, wakulima wanatoka kwa mageti kunipungia mkono ili nianze na wao. Nyumba ni yangu, shamba ni langu, na hakuna mtu aliyenisaidia hata kuweka msumari. Kitu kimoja tu ndicho sikuwa nacho, na watu hawakuniacha nisahau. Mtoto.

Mke wangu alitoka upande wa ziwa kuja Eldoret kushona sare za shule. Nilimwona nyuma ya cherehani akigombana na mteja, nikapenda vile alivyoshinda. Nikamwoa. Tukakaa. Tukakaa mpaka watoto wa watu wa rika letu wakaanza kuoa na kuolewa, na sisi tunaenda harusi zao tumebeba zawadi.

Ndugu yangu mkubwa anaishi Timboroa. Kila Desemba alikuja kwangu na neno lile lile. "Kijana, oa mwingine." Mimi nina mvi mpaka kwa nyusi, lakini kwake nitakuwa kijana mpaka nizikwe.

"Nani amekuambia shida iko kwake?" nilikuwa namjibu.

Hapo anaitisha chai.

Sasa sikia. Nikiwa naelekea miaka sitini, na mke wangu amepita arobaini na ameacha kuhesabu, akashika mimba. Nilifikiri ni malaria. Yeye pia alifikiri ni malaria. Tulipoambiwa kliniki si malaria, nilitoka nje nikaketi kwa trekta bila kuwasha, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mtoto akazaliwa wakati wa palizi, mahindi yakiwa yamefika kwa magoti. Msichana. Ana sauti. Ana vidole vyote. Nilivihesabu mwenyewe, sikutaka kuambiwa.

Nilifanya sherehe, na sitaki mtu aniambie nilizidisha. Alipotoa jino la kwanza, nilichinja mbuzi. Alipoketi bila kushikwa, nilichinja mwingine. Aliponyolewa nywele za kuzaliwa, tulikuwa na pilau, soda, na watu wa kanisa wakaimba mpaka jioni. Jirani yangu akaniuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Mzee, na akipiga chafya utachinja ng'ombe?"

"Kaa karibu na simu," nikamwambia.

Kila kitu mke wangu alikipiga picha na kukiweka kwa grupu ya familia kwa simu. Mimi kuandika kunanichosha, kwa hivyo nilituma sauti. Natuma sauti ndefu. Watu walilalamika kwamba zinamaliza bando, na mimi nikatuma nyingine kuwajibu.

Kisha mtoto akafika mwaka mmoja, hajatembea. Sawa. Watoto wengine waliozaliwa mwezi ule ule kanisani kwetu wakaanza kukimbia katikati ya viti wakati wa mahubiri. Wangu anaangalia tu kutoka mgongoni kwa mama yake kama mgeni wa heshima. Miezi ikaongezeka. Hata kusimama, hapana. Ukimsimamisha, anakunja miguu juu.

Maneno yakaanza. Ndugu yangu akanipigia simu kutoka Timboroa. "Kijana, huyo mtoto alichukua magoti yako ama nini?" Hiyo niliweza kuimeza, tunataniana tangu utotoni. Lakini mke wa binamu fulani akasema kwa grupu, mbele ya watu wote, kwamba mwanamke akizaa amechoka, mtoto anatoka amechoka. Mke wangu alisoma, akaweka simu chini, akaendelea kushona. Lakini kutoka siku hiyo hakuweka tena picha hata moja. Mwanamke aliyengoja nusu ya maisha yake ili aonyeshe mtoto, sasa anamficha.

Hapo ndipo nilikasirika. Nikashika simu, nikatuma sauti kwa wote. "Desemba mje kwangu kama kawaida. Na huyo msichana atawasalimu akiwa kwa miguu yake mwenyewe."

Mke wangu alisimamisha cherehani. "Mzee, umeahidi na miguu ya nani?"

"Ya mtoto."

"Basi ungemuuliza yeye kwanza."

Tulienda kliniki. Sista aliyetupokea alikuwa mama mzito, wa kusema polepole. Alimlaza mtoto, akanyoosha miguu, akabonyeza nyonga, akamtekenya nyayo, mtoto akacheka. Kisha akaanza kutuuliza sisi.

"Mchana analala wapi?"

"Kwa mgongo wangu," mke wangu akasema.

"Anakula akiwa wapi?"

"Kwa magoti yangu," nikasema mimi.

"Na akitaka kucheza?"

Tukaangaliana. "Shosho yake anambeba wanazunguka kwa boma," mke wangu akajibu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia mtoto alipozaliwa, na hajaondoka mpaka leo.

Sista akavua miwani. "Sasa huyu mtoto atatembea wapi? Kwa hewa?" Akamrudisha mtoto kwetu. "Miguu ni mizima kabisa. Mlimngoja sana, naelewa. Lakini mwekeni chini."

Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi na leso ya mtoto. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria zile sauti nilizotuma.

Kuweka mtoto chini, unaweza kufikiri ni kazi rahisi. Sisi tunaishi kwa baridi. Sakafu yetu ni simiti, nimeimwaga mwenyewe, na simiti ya huku asubuhi ni kama umekanyaga mto. Tulimweka, akapiga kelele. Tukatandika blanketi, akajua tunamdanganya, akapiga kelele zaidi. Tukamtoa nje, tukamweka kwa nyasi, umande ukamgusa, akakunja miguu mpaka kidevuni. Na aliyekuwa anashindwa kwanza ni mimi. Mke wangu alikuwa na roho ya chuma. Anaketi pale, anashona, anamwacha alie. Mimi nasikia nikiwa kwa trekta, naja mbio nimejaa mafuta mikononi, namnyanyua.

"Mzee! Wewe si ndiye husema wewe ni mgumu?"

"Mtoto ana baridi."

"Mtoto ana baba. Rudi kwa mashine yako."

Kilichotuokoa ni mavuno. Mahindi yetu yalipopukuchuliwa, tuliyaanika kwa turubai nje ya nyumba, turubai moja kubwa kutoka mlangoni mpaka karibu na zizi. Wanaoanika mahindi wanajua: ikifika saa nne na jua likiwa zuri, ukiingiza mkono kwa yale mahindi, ni moto kama kikombe cha chai. Siku moja mke wangu alikuwa ameketi pembeni na fimbo anafukuza kuku. Akachoka na mzigo mgongoni, akamfungua mtoto, akamkalisha katikati ya mahindi.

Tukangoja kelele. Kelele haikuja.

Mtoto aliingiza mikono mpaka kwa kiwiko. Akainua konzi, akamwaga. Akazika mguu wake mmoja, akauangalia ukipotea, akautoa, akacheka. Yale mahindi niliyoyalima kwa jasho langu yalimpa sakafu ya joto ambayo simiti yangu ilishindwa kumpa. Kutoka siku hiyo asubuhi akiamka anaonyesha mlango kwa kidole. Anataka turubai.

Tulikuwa tumeweka gunia limejaa pale pembeni kuzuia upepo. Wiki haikuisha, akajivuta mpaka kwa gunia, akalishika, akasimama. Anaanguka, mahindi yanampokea, anasimama tena. Na kwa vile kutwa nzima alimsikia mama yake akiwapigia kuku kelele, neno lake la kwanza katika dunia hii likawa ni "Toka!" Watoto wa wengine huanza na mama, ama baba. Wangu alianza na kufukuza. Aliwaambia kuku, akamwambia paka, akaniambia na mimi nikipita karibu na mahindi yake. Mke wangu akapiga video, akaiangalia mara nyingi, kisha akaiweka kwa grupu. Mimi nilijifanya sikuona. Lakini niliona.

Ila kutembea, bado. Anasimama ameshika gunia kama mlevi ameshika mlingoti, na gunia haachi.

Siku ya wageni ikafika hivyo. Asubuhi nilimwambia mke wangu, "Labda tuwaambie mapema."

"Tuwaambie nini? Wewe ndiye ulisema, wewe utajibu." Alikuwa anamvalisha mtoto gauni alilomshonea, la bluu lenye mifuko miwili. Akafunga kifungo cha mwisho. "Na asipotembea, huyu bado ni mtoto wangu. Nitambeba mbele yao wote, na nitakaa kiti cha mbele."

Wageni wakaja. Watu wa kwetu, watu wa kwao, watu wa kanisa. Nyama ikawekwa motoni, mursik ikatolewa kwa kibuyu, maziwa mazito yaliyolala vizuri na majivu yake. Mzee wa kanisa akaomba maombi marefu. Ndugu yangu mkubwa akaingia mwisho, na koti lake zito la baridi ya Timboroa ambalo halivui hata jua likiwaka. Akasimama katikati ya boma, akapanguza mdomo.

"Haya, kijana. Tuliambiwa tutasalimiwa. Yuko wapi huyo mwenye miguu?"

Yule mke wa binamu akaangalia kikombe chake. Mke wangu alikuwa ameketi na mtoto pembeni ya turubai, na niliona shingo yake ikinyooka.

Kabla sijafungua mdomo, mtoto alimwona baba yake mkubwa, akaona kofia yake, akainua mikono. Na ndugu yangu, mtu ambaye hajawahi kubeba hata watoto wake mwenyewe, akainama akamchukua. Mtoto akamvua kofia, akaitia mdomoni. Basi, kwisha. Akaketi naye katikati ya wageni. Akampa mfupa anyonye. Akamfunika na koti. Watu wakaomba wambebe kidogo, akakataa.

Nikamwendea. "Mweke chini."

"Chini wapi? Huoni nyasi ina baridi?"

"Si wewe ulikuja kuona miguu?"

"Miguu nimeiona. Iko miwili. Niache nile."

Mke wangu alinitazama, mimi nikamtazama, na sisi wawili tukaanza kucheka mpaka watu wakauliza kuna nini. Mwaka mzima na nusu tulifikiri ni sisi tu wenye ugonjwa huo.

Kwa kucheka huko, na kwa nyama, hakuna mtu aliyekuwa analinda mahindi. Kuku mmoja mwekundu, yule mwizi kuliko wote, akapanda turubai, akaanza kudonoa.

Mtoto ndiye aliyemwona kwanza. Nilimwona akikauka. Akatupa mfupa. Akapiga teke tumbo la ndugu yangu, akateleza kwa lile koti kama gunia linatoka kwa trela, na miguu yake ikagusa nyasi, nyasi ile ile aliyokuwa anaikataa. Hakuna gunia karibu. Hakuna mkono. Akainua mikono yote miwili juu, akasema, "Toka!"

Akaenda.

Alipita kati ya viti. Akampita shosho yake, ambaye alishika mdomo. Akampita yule mke wa binamu bila kumwangalia. Anayumba, anasimama, anaenda, gauni la bluu linapepea, na anaendelea kusema "Toka! Toka!" kama mwenye shamba. Kuku akatazama nyuma, akaona mambo si mazuri, akakimbia. Mtoto akafika turubai, akaanguka kifudifudi kwa mahindi, akaketi, akawaangalia watu wote kana kwamba wanamchelewesha.

Shosho yake ndiye alipiga kigelegele cha kwanza. Baada ya hapo sikusikia tena kitu. Mke wangu alisimama, hakulia, hakucheka, alisimama tu na mikono kiunoni akiwageukia mmoja mmoja. Nimemwona siku nyingi. Sijawahi kumwona mrefu hivyo.

Kwetu mkimbiaji akirudi nyumbani na medali, anapokewa na mursik. Ndugu yangu akainuka bila kofia, akachukua kibuyu mezani, akatembea mpaka turubai kumpa mtoto anywe. Akakanyaga mahindi na viatu vyake.

"Toka!" mtoto akamwambia.

Boma lote likacheka. Na mzee wa Timboroa, ambaye hajawahi kutii mtu tangu wazazi wetu wafe, akarudi nyuma hatua moja, akatoka kwa turubai. Akachuchumaa pale pembeni, magoti yakalia, akanyoosha kibuyu.

"Sawa, mama. Nitangoja hapa. Njoo wewe."

Mtoto akafikiri. Akaweka mikono kwa mahindi, akainua matako kwanza, kisha kichwa. Akasimama, akayumba. Mikono yangu ilikuwa imeshatoka mbele yenyewe, na nilikuwa nimeshapiga hatua.

"Mzee," mke wangu akasema nyuma yangu. "Wacha."

Nikatia mikono mfukoni. Mtoto akaja mwenyewe.