Ncha Zilizotupwa

Kazini walimwita Mama Nta, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na sita kila kilichotolewa mwilini mwa mtu kwenye chumba cha upasuaji kiliteremshwa kwake, ghorofa ya chini kabisa ya hospitali, kikiwa ndani ya kopo la formalini, dawa ya kuzuia kuoza. Alikikata vipande, akavizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikishaganda aliipitisha kwenye mashine ya kisu mpaka ukatoka utepe mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umeupoteza. Utepe ukabandikwa kwenye kioo, kioo kikaenda kwa daktari wa darubini, na huko ndiko ilikojulikana nani ana saratani na nani hana. Mama Nta hakuwahi kumpa mtu majibu. Yeye alikata tu. Alikata vizuri, alijua kwamba anakata vizuri, na kama ulikuwa hulijui hilo angekujulisha.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Marehemu baba yao alipenda kuwaambia wageni kwamba amejaliwa mabinti wawili, mmoja anakata watu na mwingine anawashona, basi hakuna aibu itakayotoka nje ya nyumba hii.

Miaka mitano kabla ya haya ninayokusimulia, huyo fundi alitolewa kizazi. Vivimbe vilikuwa vimemtoa damu mpaka akawa anapanda ngazi kwa vituo. Madaktari waliondoa mfuko wa uzazi na mirija yake miwili, wakaacha ovari, vile vifuko vya mayai, kwa kuwa zilionekana safi na bado alikuwa na umri wa kuzihitaji. Kabla ya kuingizwa ndani alimshika dada yake mkono. Kisu hakikumtia hofu. Alichoogopa ni kugeuzwageuzwa na wageni huko chini kama mtumba sokoni.

"Nishike wewe, dada," alimwomba. "Asinishike mtu mwingine."

Mama Nta akamshika yeye. Kopo lilipofika aliwaondoa wenzake mezani, akafanya kazi kwa utaratibu uliokuwa umebandikwa ukutani tangu aajiriwe: kutoka kila mrija, pete moja nyembamba ya katikati, basi. Kilichobaki kirudi kwenye kopo. Ile ncha ya mrija, yenye matamvua kama ya shali, inayoinamia ovari kudaka yai, hakuna aliyekuwa na haja nayo. Majibu yakatoka safi. Baada ya wiki sita kopo lilimwagwa pamoja na makopo mengine, na vilivyokuwamo vikaenda tanuruni. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipeleka, tena kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Ikapita miaka mitatu. Tumbo la fundi likaanza kujaa. Alikuwa akila vijiko vitatu anasema ameshiba, anakwenda haja ndogo kila saa, mgongo unamuuma. Duka la dawa likampa dawa za gesi, zahanati ikampa za vidonda vya tumbo, naye akajipa jibu lake mwenyewe, kwamba umri umemkalia kiunoni. Mtu mwingine sketi ikimbana hujiuliza kulikoni. Fundi hajiulizi, anafumua mshono. Alikuwa na sketi yake ya kijivu ya kwendea kwa wateja wakubwa. Akaifumua upana wa kidole. Miezi miwili baadaye akaifumua kidole kingine. Mara ya tatu akiba ya ndani ilikuwa imekwisha, akatia kipande ubavuni, kwa ustadi ambao hata mwenye macho makali asingekiona. Mama Nta alikiona, akamsifu. Lo! Dada mzima wa hospitali, anashika saratani za watu kutwa nzima, amesimama mbele ya tumbo la mdogo wake anasifia mshono.

Walipokuja kumpiga altrasaundi tumbo lilikuwa limejaa maji. Saratani ya ovari, ilikuwa imeshatapakaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alisema, akajaribu kucheka.

Wakamfanyia upasuaji wa pili, akapewa dripu za dawa ya saratani mara sita, nywele zikaondoka, kisha akapata nafuu. Akaanzishiwa vidonge vya aina mpya. Daktari alimweleza kwamba chembe za saratani zinapochanika kwa ndani hujishona, na kwamba chembe za aina yake zilikuwa tayari zimepoteza njia moja ya kujishona. Vidonge vile vingeziba na njia ya pili, zife. Fundi alifurahi mno kusikia kwamba hata saratani ina cherehani. Kwa miezi kumi na mmoja alimhadithia hivyo kila mteja, huku futi ikining'inia shingoni, na wengi walirudi na vitambaa ili tu wamsikilize.

Katika miezi hiyohiyo maabara ilipata mgeni, daktari mtafiti, binti mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Aliwakusanya akawaeleza. Watu wameuwinda ugonjwa huu kwenye ovari miaka nenda miaka rudi. Wamepima damu, wamepiga altrasaundi maelfu ya wanawake wasioumwa chochote, na wanawake wameendelea kufa vilevile. Sasa inaelekea kwamba ile aina kali kuliko zote, mara nyingi haianzii kwenye ovari hata kidogo. Inaanzia kwenye matamvua, kwenye ncha ya mrija, chembe chache tu ambazo zinaweza kukaa hapo miaka kadhaa bila kumuuma mtu, ndipo zidondokee kwenye ovari na tumboni. Kwa hiyo kuanzia leo ncha zote zikatwe kwa urefu na zote ziingie kwenye nta. Kisirudi kitu kwenye kopo.

Mama Nta alikuwa anaandika. Aliandika "ncha zote", akaiweka kalamu chini.

Wenzake walipokwenda kula aliingia stoo, akatoa vibloku viwili, vile vipande vya nta vilivyohifadhi pete za mdogo wake. Namba yake aliijua kwa moyo. Akavirudisha kwenye mashine, akakata ndani zaidi, akakata tena, mpaka nta ikakaribia kwisha, akampelekea daktari wa darubini bila kusema ni vya nani. Safi, akajibiwa. Vingekosaje kuwa safi? Alichokihifadhi ni katikati. Na huenda ncha nazo zilikuwa safi, nani ajuaye? Huenda kungekuwa na chembe kumi, watu wakamfuatilia mapema, na bado lisibadilike lolote. Hilo ndilo lililomla: hakuna pa kwenda kuuliza. Majivu hayapakwi kwenye kioo.

Ungedhani alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake akamwambia. Thubutu! Alifunika kombe mwanaharamu apite. Na sababu alikuwa nayo, tena nzito. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na fundi alikuwa anarudi kwenye dripu, kwenye kiti chake kando ya dirisha. Wanawake wengine wakilalamika kwamba hospitalini mtu hugeuka namba, yeye alijinyoosha akawaambia: "Mimi huko chini nilishikwa na dada yangu. Hakuna kilichopotea." Wakamtazama kwa wivu. Mama Nta alikuwa kando yake, amemshikia beseni la kutapikia. Ungemnyang'anyaje mtu kitu hicho, wakati ndicho pekee alichobaki nacho cha kujivunia?

Kisha yule daktari mtafiti akaja na fomu. Alikuwa anatafuta wanawake waliowahi kufanyiwa upasuaji kabla ya ugonjwa kuonekana, ili vipande vyao vya zamani vichunguzwe upya. Hakumaliza kusoma. Fundi alishachukua kalamu.

"Chukueni mirija yangu yote," alisema. "Dada ameiweka kwenye nta. Kama ilianzia huko mtaona, na wengine wawahiwe."

Daktari alimtazama Mama Nta mara moja tu. Utaratibu wa zamani aliujua. Akasema fomu ina kurasa nyingi, watie saini kesho, akatoka taratibu.

Jioni ile Mama Nta alimkuta mdogo wake wodini, amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, ile sketi ya kijivu mapajani. Maji ya tumbo yalikuwa yametolewa na sasa sketi ilimpwaya, kwa hiyo alikuwa anaipunguza. Mama Nta akapiga moyo konde.

"Mdogo wangu, ile mirija haipo."

Fundi aliendelea kushona. Akauliza ipo wapi.

"Nilikata pete mojamoja ya katikati. Ncha nilizirudisha kwenye kopo, zikachomwa. Ndiyo ilikuwa sheria. Lakini mkono ni wangu."

Sindano ikasimama. Fundi alisema bila kumtazama.

"Nimewaambia watu, dada. Kila mtu nimemwambia hakuna kilichopotea."

Mama Nta alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu. Fundi aliigeuza sketi ndani nje, akaivuta mpaka chini ya taa, akaonyesha vitundu vilivyobaki pale nyuzi zilipofumuliwa, safu baada ya safu.

"Hii ni ya Februari," alisema. "Hii ya Aprili. Hapa ndipo nilipotia kipande, ukanisifu."

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa kitanda. Mama Nta alipotaka kumshika mkono, mdogo wake aliuondoa. Baadaye aliurudisha mwenyewe.

Asubuhi fundi alimwomba daktari amsomee fomu yote, neno kwa neno. Penye "vipande vyote" alikata, akaandika "pete mbili". Kwenye ukurasa wa mwisho waliuliza kama angeruhusu vichukuliwe vipande vingine mwilini mwake atakapokuwa amefariki. Akatia saini. Kisha akamgeukia dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi.

"Watakapovileta ukate wewe. Na safari hii usirudishe kitu kwenye kopo."

Aliishi wiki saba zaidi. Makopo yaliposhuka, wenzake Mama Nta walitaka kumpokea kazi, akawakatalia. Alikata siku mbili, taratibu, akatoa vibloku arubaini na kimoja, akaandika namba kwa mkono wake juu ya kila kimoja. Alipomaliza alimulika kila kopo kwa taa, akayapeleka kuoshwa yakiwa matupu.