Nafasi ya Wembe

Juzi nilikuwa nasubiri picha zangu za pasipoti katika studio moja hapa Bukoba, akaingia mama mmoja wa Kibeta na picha ya harusi ndani ya bahasha. Akamwonyesha fundi kwa kidole uso wa bwana harusi.

"Mwanangu huyu. Nitolee yeye peke yake, umkuze, tumweke juu ya jeneza."

Fundi hakuuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Siku hizi hakuna anayeuliza. Alilaza picha juu ya kioo, akachukua wembe, akazunguka kichwa taratibu, halafu akasita begani. Palikuwa na vidole vinne vya bibi harusi.

"Mama, mkono huu niufanyeje?"

"Ukate."

"Nikiukata, na bega linaondoka."

Mama alitazama mlangoni, akajifunga kanga upya. "Basi uache. Hata mwenye mkono huo anaumwa."

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Kukaa kulinishinda.

Tunaambiwa kila siku kwamba watu wa huku hatujui kujikinga. Jumamosi nilikwenda na mke wangu harusini Kashozi, na mpiga picha alikuwa fundi yule yule. Alitupanga mbele ya kanisa, akainua kamera, akaishusha.

"Jamani, mbona mmeachiana nafasi hivyo? Sogeleaneni!"

Tulicheka. Hakuna aliyesogea. Nikageuka nimwambie mke wangu aondoe mkono begani kwangu, nikakuta ameshauondoa.