Mbuzi wa Kupimwa wa Magogoni

Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote. Alikuwepo mwenye mbuzi, mzee mfupi aliyepandisha kanzu akaifunga kiunoni, na mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkamuaji. Alikuwepo haji, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwepo mchinjaji wa Kongowea, aliyekuja kila mwaka na kila mwaka akarudi mikono mitupu. Alikuwepo ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliyetoka Changamwe na viatu vya kazini. Walikuwepo wadogo zangu watatu, wavulana wawili pembeni yangu na wa mwisho, msichana, mgongoni. Nilikuwepo mimi. Waliobaki walikuwa wanunuzi na watazamaji wa Kisauni, na wengine waliovuka feri kutoka Likoni, na kama kuna niliyemsahau aniwie radhi.

Mdogo wangu yule wa mgongoni ndiye aliyenipeleka. Uzito wake ulikuwa haupandi. Kila mwezi nilimpeleka kliniki, akavalishwa ile kaptura ya kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani kama kikapu, na mshale ukasimama pale pale uliposimama mwezi uliopita. Muuguzi aliniambia mtoto anataka maziwa. Nilikuwa nikiuza mbaazi na mahamri asubuhi na kuokota majani ya kabichi sokoni Kongowea mchana, nikiwauzia wenye mifugo. Maziwa tulikuwa tukiyaona kwa wenzetu.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la saba. Ami yetu hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema. Alikuja, akakaa mkekani, akasema, "Mwanangu, umejitahidi. Lakini huyu mdogo atakufia mikononi. Mwezi ukiisha naja kuwachukua. Wavulana nitakaa nao mimi Changamwe, mdogo ataenda kwa shangazi yenu Likoni, na wewe tutakutafutia mume." Nikamjibu, "Ami, nipe muda." Akasema, "Muda nimekupa. Nipe maziwa."

Basi nikaenda kwenye mnada wa mbuzi.

Mnada huo ulikuwa umeanza miaka michache nyuma. Mwenye mbuzi alifanya kazi bara, kwenye shamba la serikali la mifugo, na alipostaafu akarudi kwao Magogoni na mbuzi wachache wa maziwa wenye asili ya kigeni. Aliwachanganya na mbuzi wetu wa pwani, wale wadogo wasioogopa joto. Kila mwanambuzi aliyezaliwa alipimwa kabla hajakauka vizuri, akapimwa tena alipoachishwa kunyonya, akapimwa tena alipotimiza mwaka. Mama zao walipimwa maziwa asubuhi na jioni. Aliyekuwa nyuma aliuzwa kwa nyama. Aliyekuwa mbele alivalishwa hereni ya bati sikioni, na hao wa hereni ndio waliopelekwa mnadani, ili wakazae kwa watu.

Mwaka wa kwanza walikuja wachinjaji watupu. Waliona mizani imening'inia kwenye boriti wakajua ni nyama inayouzwa. Mchinjaji wa Kongowea aliuliza kilo ni bei gani. Mzee akamwambia hauzi kilo. "Sasa mizani ya nini, yakhe? Ya pambo?" Watu wakacheka, mzee akarudisha mbuzi wake bandani.

Mwaka wa pili mnada uliangukia siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Ndipo haji alipomnunua beberu mkubwa, yule aliyekuwa mbele kuliko wote tangu mzee aanze kupima. Hakubishana bei. Mzee alifurahi mno, akaona jirani yake amefahamu. Siku ya Idi, mchana, mtoto wa haji akabisha hodi na sinia la nyama, kama ilivyo desturi, fungu la jirani. Mama alikuwa hai bado, na hata sisi tulipata fungu letu. Mkewe mzee ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Haji mwenyewe alikuja nyuma ya sinia, akaketi, akasema, "Mbona huli, jirani?"

"Nyama ya nani hii?"

"Ya beberu wako! Wallahi nilizunguka Kisauni nzima nikimtafutia Mwenyezi Mungu mnyama aliye bora. Bora kuliko wako sikumuona."

Mzee akatazama sinia. Miaka ya kupima ilikuwa mle ndani, imekatwa vipande na kukaangwa kwa kitunguu. Na maneno ya haji hayakuwa na pa kushikika, kwa sababu mtu anayetoa sadaka hutakiwa atoe kilicho kizuri. Mzee akasema, "Mungu akutakabalie." Akala. Baada ya tonge la pili akamwambia mkewe, "Lakini ni laini."

Tokea hapo mnada ukahamishwa, ukawa baada ya Idi, na kila mnunuzi alitakiwa aseme mbele ya watu kwamba hachinji. Haji alipofahamu alichokifanya alikaa siku nyingi akipita njia ya nyuma ili asikutane na jirani yake. Na mzee akaongeza jambo jingine. Kila mnada, mbuzi jike mmoja hakuuzwa kwa fedha. Alipewa mtu asiye na uwezo, kwa sharti kwamba arudishe mtoto wa kike wa mbuzi huyo, aliyekwisha achishwa kunyonya, naye apewe mtu mwingine. Anayepewa lazima awe na mdhamini. Huyo ndiye mbuzi niliyemfuata.

Nilifika asubuhi na mapema, na niliyoyaona sijawahi kuyasahau. Mbuzi walikuwa wamekamuliwa jioni iliyotangulia, mbele ya mashahidi, mpaka viwele vikalegea, asije mtu akasema maziwa yamelimbikizwa. Sasa wakatolewa mmoja mmoja. Mkewe mzee akaosha mikono, akasema bismillahi, akaanza. Nimekulia kati ya mbuzi, mbuzi wa kwetu nawajua, kikombe kimoja na mtoto wake analia njaa. Huyu wa kwanza alikamuliwa mpaka povu likapanda ukingo wa ndoo na mkono wa yule mama bado unaenda. Ilisikika michirizi miwili tu ndooni, mmoja baada ya mwingine. Kisha ndoo ikatundikwa, mshale wa mizani ukashuka, ukashuka, na mimi niliyezoea mshale usiosogea nikajikuta nimeshika kifua.

Mzee akasimama kando ya mbuzi akataja nasaba. Akaanza na mama wa mbuzi, akasema alitoa maziwa kiasi gani na alizaa pacha mara ngapi. Akataja bibi, akataja mama wa bibi aliyekuja naye kwenye lori kutoka bara. Akataja upande wa baba, uzito wa kuzaliwa na uzito wa mwaka, bila kusoma popote.

"Huyu mbuzi ana nasaba kuliko mimi!" mtu mmoja akapiga kelele.

"Kuliko wewe ni rahisi," mchinjaji akamjibu. "Wewe hata babako anakukana sokoni."

Kicheko kikapita, lakini kilipita haraka. Watu walikuwa wanatazama kitu kikubwa, nao walijua. Mwanamume mmoja wa Likoni alimuuliza mzee kwa nini hakumweka mbele yule mbuzi mweupe, mzuri wa sura, shingo ndefu, badala ya huyu wa madoa. Mzee akasema, "Mzuri simtafuti. Namtafuta anayeshiba majani ya hapa, kwenye joto la hapa, mvua ya hapa ikimnyeshea, na bado akajaza ndoo. Uzuri wake uko tumboni mwa bibi yake. Utauonaje kwa macho?"

Nilikuwa nadhani mnyama ni bahati. Huyu mzee alikuwa amesubiri vizazi vitatu ili ajue jambo moja, na sasa alikuwa analigawa uwanjani.

Wenye fedha wakanunua, kila mmoja akatamka, "Sichinji." Mchinjaji wa Kongowea akajaribu kupandisha bei kwa beberu mmoja. Mzee akamtaka atamke. Akafungua mdomo, akaufunga. "Siwezi kusema uongo mchana huu," akasema, na watu wakampigia makofi.

Mwisho akatolewa mbuzi wa dhamana. Alikuwa wa rangi ya maji ya kunde, pembe moja imepinda. Bado alikuwa anakamuliwa na alikuwa ameshapandwa. Mzee akauliza nani anamtaka. Nikanyoosha mkono. Wengine wawili walinyoosha, walipoona mtoto mgongoni mwangu wakashusha.

"Utamlisha nini?"

"Majani ya kabichi, maganda ya mahindi. Naokota Kongowea kila siku, nawapelekea watu. Sasa nitapeleka kwangu."

"Mdhamini wako?"

Nikamgeukia ami. Akatazama chini. "Mwanangu," akasema taratibu, lakini watu wote walisikia, "mimi nimekuja kukuzuia usijitie deni. Mtoto si wa kufanyiwa majaribio." Hakusema kwa ubaya. Nilihisi mdogo wangu anapumua shingoni mwangu, pumzi nyepesi kama ya ndege.

Ndipo haji akasema, "Mimi namdhamini."

Uwanja ukalipuka. "Wewe!" mchinjaji akapiga kelele. "Wewe uliyemla beberu! Mbuzi huyu ukimuona Idi ijayo utaweza kujizuia?"

"Cheka tu," haji akasema. "Mwenye mbuzi huyu ananidai jambo ambalo fedha hailipi. Mimi nimepita njia ya nyuma mwaka mzima. Mtoto wa kike asipopatikana, mimi ndiye nitakayemtafuta, popote, mpaka nimlete." Akamwendea mzee, akampa mkono. Mzee akaushika, akakawia kuuachia. Kisha akamgeukia ami yangu. "Wewe ndugu, njoo ushike ndoo."

Ami alishika. Mkewe mzee akamkamua mbuzi wa pembe iliyopinda mbele yake, na ami akaona ndoo inavyozidi kumlemea mkononi. Yale maziwa hayakutundikwa mizanini. Mama yule alisema kwamba ndoo nzima ni yetu, tukayachemshe, na akanipa kikombe cha yaliyokwisha chemshwa nyumbani kwake. Mdogo wangu alikunywa mbele ya watu, mikono yote miwili kwenye kikombe, bila kufumba macho. Ami alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Haya. Nitakuja mwezi ujao. Siji kuchukua mtu. Nakuja kutazama."

Na alitazama. Mwezi uliofuata alikwenda na mimi kliniki, akasimama nyuma ya foleni ya akina mama bila haya, na mshale ulipopita pale ulipozoea kusimama alisema "Subhanallah" kwa sauti mpaka muuguzi akageuka. Habari ya kugawanywa haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Mbuzi akazaa pacha. Madume wote wawili. Nikawapeleka kwa mzee nikamwambia achukue hata wawili kwa mmoja. Akawapima, akasema wana uzito mzuri sana, akanirudishia. "Sikukukopesha dume, mwanangu." Uzao wa pili, dume. Wa tatu, pacha, madume. Wale madume walitununulia sare za shule na bati za paa, sikatai, lakini deni lilikaa pale pale. Haji alikuwa akipita kwetu kila mbuzi anapozaa, anasimama nje ya ukuta wa makuti. "Shikamoo, haji." "Marahaba. Kazaa nini?" "Dume." "La ilaha illallah," anasema, anaondoka akitikisa kichwa, na mchinjaji wa Kongowea, alipokutana naye sokoni, alimwita mdhamini wa madume.

Haji alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, homa ya siku chache. Nilikuwa ndani na wanawake, mwili ulipokuwa tayari kutolewa. Nje mwanawe akasimama, akauliza kama inavyoulizwa kila maiti anapotoka: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze, familia itabeba. Nilijua ipo dhamana juu yake kwa ajili yangu, na sikutaka aondoke nayo. Nikaenda mlangoni nimtafute mdogo wangu anayenifuata nimtume. Kabla sijamuona, nikasikia sauti ya ami.

"Marehemu alimdhamini mtoto wa ndugu yangu," alisema. "Siku ile mimi ndiye niliyepaswa kusimama, na sikusimama. Dhamana hiyo naichukua."

Kisha sauti ya mwenye mbuzi, imekwaruza kwa kulia. "Marehemu simdai kitu. Nimemsamehe, hata beberu nimemsamehe." Akapumua. "Msichana ndiye ninayemdai. Mtoto wa mbuzi, jike, aliyeachishwa kunyonya. Yuko mtu wa Mkomani anamsubiri."

Nilisikia wanaume wakicheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani, wakanyanyua jeneza.

Mbuzi wangu alikuwa na mimba wakati huo. Ami alilala kwetu siku alipozaa, kwenye mkeka sebuleni, kwa kuwa sasa lilikuwa jambo lake. Alfajiri aliniita bandani. Alikuwa amechuchumaa, mwanambuzi mbichi mapajani mwake, anamgeuza huku na huku akiuinua mkia kwa kidole, hataki kuamini.

"Dume," akasema.

Nikamletea maji anawe mikono.